Shaba Ilipita Nalukolongo, Mvua Ikabaki Kasese

Reli ya magharibi ikishatoka stesheni ya Kampala hupita chini ya vilima vya Divisheni ya Lubaga, upande wa Ndeeba na Nalukolongo, ndipo huliacha jiji na kushika njia ya Kamwenge hadi Kasese, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Ilifika Kasese mwaka 1956, na kilichoivuta hadi huko ni shaba ya Kilembe, milimani Rwenzori. Kwa zaidi ya miaka 20 mabehewa yaliyojaa unga mzito wa shaba yalipita Nalukolongo, yakavuka Kampala, yakaenda kuushusha Jinja kwenye tanuru lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Kutoka Jinja shaba iliyoyeyushwa iliendelea na safari yake hadi bandari ya Mombasa.

Aliyesimama Ndeeba siku hizo aliiona mali ya nchi ikipita. Kilichobaki nyuma hakukiona. Historia ya Kilembe imeandikwa sana kwa hesabu za kilichopita relini: tani, bei, fedha za kigeni. Mimi naona nusu yake kubwa iko katika kile ambacho hakikupanda behewa, kikaachwa wazi chini ya mvua.

Shaba yenyewe ilijulikana mapema. Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia, Duke wa Abruzzi, ulipanda Rwenzori na kufika kilele cha Margherita tarehe 18 Juni, na ndio unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuandika habari za shaba katika safu hiyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 kampuni ya Tanganyika Concessions ilipekua miamba ya Kilembe, kisha ikaacha. Mawe hayakuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa umbali. Bila reli, shaba ya Rwenzori isingeweza kufika pwani kwa bei ya kuuzika. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, dunia ikawa na njaa ya shaba, Wakanada wa kampuni ya Frobisher wakaja, na mwaka 1950 ikaandikishwa kampuni ya Kilembe Mines. Baadaye mgodi uliingia mikononi mwa Falconbridge, Wakanada pia.

Mambo yakaenda kwa kasi. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, na katika ziara hiyohiyo mbuga ya Kazinga, iliyo tambarare chini ya Kasese, ikapewa jina lake. Reli ilikuwa inasogea magharibi. Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, ndani ya Lubaga ya leo, macho yalikuwa kwingine kabisa: Kabaka Mutesa II alikuwa amefukuzwa nchini tarehe 30 Novemba 1953, na hakurudi hadi tarehe 17 Oktoba 1955. Wakati Buganda inadai mfalme wake, mataruma yalikuwa yanaendelea kulazwa kuelekea mgodini. Mwaka uliofuata Kilembe ikaanza kuzalisha. Haikupita miaka mingi, shaba ikawa ya tatu kwa mauzo ya nje ya Uganda, baada ya kahawa na pamba.

Mwamba wa Kilembe ulikuwa na shaba ya asilimia 2 hivi. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mawe yaliyotolewa shimoni, kilo 98 hazikuwa shaba. Mawe yalisagwa kinuni hadi yakawa unga, unga ukachanganywa na maji na dawa zinazofanya chembe za shaba zishikamane na povu na kuelea juu. Povu lilikombwa, likakaushwa, likapelekwa relini. Unga uliobaki, mkubwa kwa wingi kuliko chochote kilichouzwa, ulimwagwa katika bonde la mto Nyamwamba. Hadi mgodi unafungwa, tani zipatazo milioni 16 za mawe zilikuwa zimetolewa, shaba iliyopatikana ilizidi tani 200,000, na zaidi ya tani milioni 15 za mabaki zilikuwa zimelazwa katika bonde lile jembamba la mlimani.

Kulikuwa na bidhaa ya tatu, na ndiyo yenye kisa kirefu zaidi. Mwamba huo una pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, na ndani ya pairiti ya Kilembe mna kobalti. Wahandisi waliitenganisha pairiti kwa makusudi, kwa sababu kobalti ni ghali. Lakini hapakuwa na njia ya kuitoa humo kwa faida. Basi wakaamua kuiweka akiba. Ikashushwa Kasese, kilomita kama 10 kutoka mgodini, ikarundikwa tambarare karibu na mpaka wa Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Mwaka baada ya mwaka lundo likakua, hata likafika tani milioni 1.1.

Hapa ndipo neno "akiba" lilipowadanganya. Pairiti ikiwa ndani ya mwamba, chini ya mlima, hukaa mamilioni ya miaka bila kubadilika, kwa kuwa hewa haiifikii. Ukiisaga unga na kuirundika juani, umeipa hewa upande mmoja na mvua upande wa pili. Oksijeni na maji huila; salfa yake hugeuka asidi ya sulfuriki, chuma chake huyeyuka na kutoa maji ya rangi ya kutu. Wapo pia bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa, na hao huiharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Asidi ikishapatikana, huyeyusha metali nyingine zilizomo lundoni: shaba, kobalti, nikeli, zinki. Mvua inayofuata huzikusanya zote na kushuka nazo. Lundo la namna hiyo ni kiwanda kinachofanya kazi mchana na usiku, na hakihitaji mfanyakazi hata mmoja.

Dawa ya jambo hili inajulikana kwa kanuni, na si ngumu kuieleza: zuia hewa, au zuia maji, au vyote viwili. Njia ya kawaida ni kulifunika lundo kwa udongo. Ila Kasese ya miaka ya 1950 na 1960 haikuwa na sheria ya kumlazimisha mtu kufunika chochote, na lundo lilihesabiwa kuwa mali itakayouzwa kesho. Nani angemwaga udongo juu ya mali yake?

Kisha siasa ikaingia. Tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, Kampala, Rais Milton Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa, migodi ikiwamo. Karibu miezi tisa baadaye Idi Amin akampindua. Mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa, vipuri vikaadimika, wataalamu wakaondoka, Falconbridge nao wakafungasha. Uzalishaji ulishuka mwaka hadi mwaka, na mwaka 1982 mgodi ukanyamaza. Watu wa Kilembe wanaukumbuka wakati huo kwa mishahara iliyokoma. Kwa upande wa kemia hakuna kilichokoma.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka ziliendelea kulipiga lundo la Kasese bila kizuizi. Maji makali yaliyochuruzika chini yake yalitafuta njia kuelekea Ziwa George, yakaingia ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na kila yalikopita majani yalikufa, ukabaki ukanda wa ardhi tupu katikati ya mbuga ya nyati na swala. Ziwa George ni ziwa la kina kifupi mno, wastani wa mita mbili na nusu hivi, na wavuvi wa kando yake hulitegemea kwa riziki. Mwaka 1988 lilikuwa eneo oevu la kwanza la Uganda kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Nchi ilikuwa inaahidi kwa ulimwengu kwamba italilinda ziwa, na juu yake lundo linavuja.

Waliotupatia vipimo vya hali hiyo ni wanajiolojia wa Makerere. Andrew Muwanga alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu, uliokamilika Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1997, kuhusu metali nzito katika maji, mashapo ya mito na udongo wa bonde la Kilembe. Mwaka 2007 Michael Owor, Muwanga na wenzao wa Ujerumani walichapisha kazi kuhusu athari za mabaki ya Kilembe kwa Ziwa George, wakionyesha jinsi metali zinavyosafiri kutoka kwenye mabaki hadi kwenye mashapo ya ziwa. Miaka kadhaa baadaye Abraham Mwesigye, akishirikiana na watafiti wa Nottingham, alipima udongo, maji na mazao ya wakazi wa bonde na kukuta shaba na kobalti zimezidi viwango katika baadhi ya sehemu ambako watu wanalima na kuteka maji. Nawaheshimu sana watu hawa. Bila kazi yao tungekuwa tunaongea juu ya maji yenye rangi mbaya, basi.

Lundo la Kasese lilipata mwisho ambao hakuna aliyeuwaza mwaka 1956. Wafaransa wa taasisi ya jiolojia ya BRGM walijaribu kitu rahisi kwa wazo na kigumu kwa utekelezaji: bakteria walewale waliokuwa wanaharibu mbuga waingizwe kwenye matangi, walishwe pairiti kwa utaratibu, wapulizwe hewa, na joto lao lidhibitiwe. Mwaka 1992 ikaundwa Kampuni ya Kobalti ya Kasese, KCCL, na mwaka 1999 kiwanda kikaanza kazi. Ndani ya matangi unga ulikorogwa na maji katika joto la nyuzi 42 hivi, na kwa kuwa pairiti ikiliwa hutoa joto lake yenyewe, kazi kubwa ilikuwa kuupoza mchanganyiko. Asidi iliyoua majani ya mbuga kwa miongo minne sasa iliyeyusha kobalti ndani ya chombo kilichofungwa. Kisha mawe ya chokaa yakatumiwa kuipunguza makali na kutupa chuma chini, na kobalti ikavutwa kwa umeme hadi ikawa bamba safi. Kilikuwa kiwanda cha kwanza duniani kuzalisha kobalti kwa bakteria kwa kiwango cha biashara.

Bei ya kobalti ilipoanguka, mwaka 2002 kiwanda kilisimama. Kikafufuliwa baadaye, kikaendelea hadi mwaka 2013, lundo likaisha. Ni mara chache katika historia ya migodi lundo la sumu kuliwa lote namna hiyo. Lakini tusijisahau: ilichukua miaka zaidi ya 50 tangu tani ya kwanza kumwagwa hadi ya mwisho kuondoka, na mvua zote zilizonyesha katikati zilikuwa zimeshafanya kazi yake.

Je, lingefunikwa vipi? Swali hili si la kupoteza muda, kwa sababu mabaki ya Kilembe bado yapo, na migodi mipya inafunguliwa Afrika Mashariki kote. Wasanifu wa tabaka za udongo huanza na mvua na jua kabla ya kugusa udongo. Tambarare ya Kasese, iliyo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa nyuma ya mlima, hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka, na jua la ikweta linaweza kukausha zaidi ya hapo. Mahali pa namna hiyo panafaa tabaka nene la udongo tifutifu lenye nyasi juu. Hufanya kazi kama godoro la sponji: hunywa mvua ya msimu, huishika, kisha mizizi huyavuta maji na kuyarudisha hewani kabla hayajafika kwenye pairiti. Mita moja ya udongo mzuri hushika maji ya milimita 150 hivi ambayo mimea inaweza kuyatumia. Ikinyesha milimita 100 ndani ya wiki moja, mita moja itaimudu ikiwa ilikuwa imekauka. Sentimita 30 zitashiba nusu ya njia, na kilichobaki kitaendelea chini. Mtu akikuambia amefunika lundo, muulize kwanza kwa unene gani.

Panaponyesha sana, hesabu hubadilika. Huko hutafutwa udongo wa mfinyanzi wa kushindiliwa kwa roli ukiwa na unyevu wake, tabaka juu ya tabaka, mpaka maji yapite humo kwa mwendo wa sentimita 3 tu kwa mwaka. Juu ya mfinyanzi huwekwa mchanga wa kupitishia maji pembeni, na juu yake udongo wa mimea. Tabaka lililoloa lina faida ya pili: oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa, kwa hiyo udongo ukibaki umeshiba maji unakuwa kifuniko cha hewa pia. Huko Malartic, Quebec, mwaka 1995 na 1996, wahandisi waliitumia siri hiyo kwenye lundo la mabaki ya dhahabu. Waliweka tabaka la unga laini lenye unene wa sentimita 80 kati ya matabaka mawili ya mchanga. Unga laini hung'ang'ania maji, mchanga wa chini yake hauna nguvu ya kuyavuta, basi maji hubaki katikati na hewa hukosa njia. Unga wenyewe ulikuwa mabaki ya mgodi mwingine, yasiyo na asidi.

Hata hivyo nchi ya kututolea mfano zaidi ni Australia, kwa kuwa kaskazini yake nayo ina jua kali, mvua za msimu na kiangazi. Mgodi wa Rum Jungle, kusini mwa Darwin, ulichimba urani na shaba kuanzia miaka ya 1950 hadi 1971, ukaacha malundo yaliyovujia mto Finniss. Kati ya 1982 na 1986 serikali ililipia ukarabati mkubwa: malundo yakafunikwa kwa tabaka tatu, mfinyanzi chini, udongo mchanganyiko katikati, changarawe juu, zote kwa pamoja zisifike hata mita moja. Lengo lilikuwa kwamba isizidi asilimia 5 ya mvua iingie ndani. Miaka ya mwanzo lengo lilifikiwa, na watu wakaja kutoka mbali kujifunza. Lakini baada ya muongo mmoja hivi vipimo vilianza kupanda. Mfinyanzi ulikuwa mwembamba. Kiangazi kiliukausha ukapasuka, mizizi ikapenya kwenye nyufa, mchwa wakachimba. Kazi ya kufunika Rum Jungle imebidi ipangwe upya.

Kila mtu aliyekulia Uganda anajua mchwa wanaweza nini. Kichuguu kimoja hupandisha udongo kutoka mita kadhaa chini. Mizizi ya mikalitusi hushuka kuliko mfinyanzi wowote wa nusu mita. Ongeza ng'ombe wanaokanyaga, mtu anayechota moramu usiku ili akandike nyumba yake, na shamba la mihogo linalolimwa juu ya lundo kwa sababu ardhi nyingine hakuna. Tabaka la udongo lililochorwa Canada halijui habari hizi. Anayesanifu kwa ajili ya Kasese au Geita ya Tanzania lazima aanze nazo, na lazima apange nani atakuwa anazunguka kuziba nyufa miaka 30 baada ya mgodi kufungwa. Tanzania ilikwisha onja uchungu wa jambo hili: mwaka 2009 maji ya asidi kutoka mgodi wa North Mara yalivujia mto Tigithe, na mwaka 2019 baraza la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya mabilioni ya shilingi kwa sababu ya bwawa la topesumu lililovuja.

Lubaga haina mgodi, lakini lundo inalo, au tuseme ililituma kwa majirani. Kuanzia 1996 taka za divisheni zote za Kampala, Lubaga ikiwamo, zilipelekwa Kiteezi, Wakiso, kwenye jalala lililokusudiwa kuwa la kisasa, taka zifukiwe kwa udongo na maji yake machafu yakusanywe na kusafishwa. Eneo lake lilifikia ekari 36. Kampala hupata mvua ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka; piga hesabu utaona zaidi ya mita za ujazo 170,000 za maji ya mvua zinadondoka juu ya ekari hizo kila mwaka. Maji hayo yasipozuiwa juu, yataingia ndani. Pairiti humo hakuna, ila takataka zinazooza hutengeneza maji yake machungu, na lundo lililoshiba maji huwa zito na kuteleza. Jalala lilijaa kupita uwezo wake, miaka ikapita, magari yakaendelea kumwaga. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka juu ya nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwafukuza kazi wakuu wa mamlaka ya jiji, na baadaye wakafikishwa mahakamani.

Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu kilichohitajika hakikuwa siri ya kisayansi. Mteremko usiwe mkali, udongo uwekwe kila siku, mfinyanzi ushindiliwe pale palipojaa, mifereji izunguke lundo, maji ya ndani yawe na mahali pa kutokea. Kila mhandisi wa jiji anayajua haya. Tipa za udongo zina gharama, na udongo juu ya taka hauna mpiga picha anayekuja kuuzindua.

Turudi mlimani, kwa maana hesabu kubwa iko huko. Lundo la Kasese limeisha, lakini zile tani milioni 15 za bonde la Nyamwamba zimebaki, na hapo udongo peke yake hautoshi. Bonde ni jembamba, miteremko ni mikali, mto una nguvu. Mapema mwaka 2012 moto uliunguza sehemu za juu za Rwenzori, ukaondoa mimea iliyokuwa inashika mvua. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukaua watu, ukabeba mawe makubwa kama magari, ukang'oa madaraja na kuingia hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudi, na safari hiyo hospitali ikabidi ihamwe. Kila mara mto ulikula kingo za mabaki na kuyashusha, unga wa mwaka 1960 ukaenda kulala kwenye mashamba na nyumba za watu wa chini. Unaweza kumwaga mita moja ya udongo bora juu ya lundo lile leo, na mafuriko mamoja yakaliondoa kwa chini, udongo na mabaki pamoja.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi Kilembe ni tofauti na wa Kasese. Kwanza mto: njia yake ipanuliwe, kingo zijengwe kwa mawe yaliyofungwa katika nyavu za chuma, nyumba zisiwe kwenye mkondo. Pili, malundo yaliyo karibu mno na maji yahamishwe, hata kama ni ghali. Ndipo yale yanayoweza kubaki yapunguzwe mteremko, yachanganywe na chokaa juu, maana mawe ya chokaa yapo Hima, si mbali, na yafunikwe kwa tabaka linalostahimili mvua ya mlimani, si lile la tambarare. Mwisho, mimea yenye mizizi mifupi na watu wa kuilinda. Anayeanza na kupanda miti ili picha ionekane kijani anafanya kinyume.

Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, kwa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Baada ya hapo serikali iliendelea kutafuta namna ya kuufufua, na mahitaji ya shaba na kobalti, yanayosukumwa na betri za magari ya umeme, yaliwapa wawekezaji hamu. Sheria sasa zipo ambazo mwaka 1956 hazikuwapo: mamlaka ya mazingira, NEMA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kukarabati ardhi na kufunga mgodi. Sheria hiyo inahusu mabaki yatakayotoka kinuni kuanzia siku mgodi utakapofunguliwa. Ya zamani hayana mwenye leseni. Kilembe Mines yenyewe ni mali ya serikali, na gharama ya kuyahamisha na kuyafunika itamwangukia mlipa kodi wa Uganda, isipokuwa iandikwe wazi ndani ya mkataba wa anayeufufua mgodi.